Samaki wetu anapanda ndege, sisi tunabaki na mgongo wazi

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu wewe na wasomaji wako wote, wa huku Uganda na wale wa ng'ambo ya mpaka. Naandika kuhusu hii kitu inaitwa utandawazi, maana nimesoma barua nyingi na naona wengi wanaiongelea kama vile ni mambo ya simu na vijana kuiga mavazi ya nje, alafu mjadala unaishia hapo. Mimi nauza samaki Busia, nanunua mwalo wa Majanji (pale mitumbwi inaposhusha samaki) na wakati mwingine nafika mpaka Jinja, na nataka niseme kwamba kwetu sisi watu wa ziwa Victoria utandawazi haukuja kwa simu. Ulikuja kwa samaki, na umeshaingia mpaka ndani ya sufuria.

Anzia mwaloni. Mtumbwi ukirudi asubuhi, kabla hata baria (vibarua wanaovua) hawajashuka vizuri, wakala wa kiwanda ashasimama na mzani wake na gari lina barafu nyuma. Mputa (sangara kwa ndugu zetu wa Tanzania) mkubwa wote anaenda huko, huwezi kushindana na huyo mtu kwa bei, na hata ukiwa na hela mara nyingi tajiri wa mtumbwi hana uhuru wa kukuuzia, kwa sababu nyavu alipewa kwa mkopo na wakala huyo huyo, injini vilevile, petroli ya usiku huo vilevile, sasa atamuuzia nani mwingine? Samaki anafika kiwandani anatolewa minofu, minofu inapakiwa inaenda Entebbe inapanda ndege, siku mbili tatu baadaye iko Ulaya kwenye sahani ya mtu. Kinachorudi sokoni kwetu ni kichwa na mifupa iliyokwanguliwa, ile wenzetu wa Kenya wanaiita mgongo wazi, na hiyo ndo tunakausha, tunakaanga, tunauza, na watu wanapanga foleni kuipata. Kichwa cha mputa kina nyama tamu, sikatai, na supu yake ni nzuri, lakini mtu akae kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika alafu mwanae akue kwa supu ya mifupa, hiyo haiwezi kuwa sawa hata kidogo.

Na huyu mputa mwenyewe si mwenyeji wa ziwa hili. Mambo ya nje yalianza zamani kuliko watu wanavodhani, reli ilifika Kisumu 1901, miaka michache baadaye nyavu za kitani za Wazungu zikaanza kuingia ziwani, na ngege (sato kwa Watanzania) wakaanza kupungua tangu enzi hizo. Alafu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakati wa mkoloni, mputa akatolewa ziwa Albert akamwagwa huku Victoria. Waliomleta walikuwa na hesabu yao, waliona ziwa limejaa visamaki vidogo visivyo na soko, wakasema tulete samaki mkubwa avile hivyo vidogo, sisi tutamvua yeye. Hivyo vidogo ndo nkejje, au furu. Walikuwa aina zaidi ya 500, na nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mputa alikaa miaka mingi bila kelele, ilipofika miaka ya 1980 akajaa ziwa zima, na wataalamu wanakadiria aina kama 200 za nkejje zikapotea au kukaribia kupotea.

Kwa mtu wa mbali hiyo ni hesabu ya kitabuni. Kwa Buganda na Busoga nkejje ilikuwa chakula cha mtoto anayeachishwa kunyonya, mama anaikausha kwenye kijiti, anaisaga, anachanganya kwenye uji, na mtoto aliyetoka kuugua surua alipewa hiyo ili arudishe nguvu. Wazee bado wanaitafuta sokoni na wanaipata kidogo sana na ghali. Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii ni kuni. Nkejje unaanika juani inakauka, haikudai chochote. Mputa ana mafuta mengi, jua peke yake halimuwezi, lazima moshi au kikaango, na moshi ni kuni, na kuni ni miti ya visiwani na ya kandokando ya ziwa. Samaki mmoja akaletwa ziwani na msitu wa nchi kavu ukaliwa. Nani alipiga hesabu hiyo wakati wanamwaga mputa?

Sitaki kuandika uongo kwamba hakuna faida. Mwaka 2005 Uganda iliuza samaki nje kwa zaidi ya dola milioni 140, kwa miaka kadhaa samaki alikuwa nyuma ya kahawa tu kwa kuiletea nchi pesa za kigeni. Nawajua watu waliojenga nyumba za mabati na matofali kwa mputa, waliosomesha watoto mpaka chuo kikuu, wanawake walioanza na beseni moja sasa wana duka. Miji midogo ya mialo iliota kutokana na hiyo biashara, kuna umeme, kuna simu, kuna wakala wa mobile money kila kona. Hayo yote ni kweli na mtu akisema turudi nyuma tufunge ziwa tule wenyewe mimi simfuati, maana naye hajawahi kulipa ada ya shule kwa pesa ya samaki.

Shida yangu ni kwamba maamuzi yote yako mbali na mtu anayelowa maji. Mwishoni mwa 1997 kuingia 1998 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Afrika Mashariki kwa sababu huku kulikuwa na kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema kufunga biashara ya chakula kwa sababu ya kipindupindu si njia sahihi, lakini soko lilikuwa limeshafungwa na watu walishaumia. 1999 wakafunga tena, safari hii ni habari za watu kuvua kwa sumu. Kuvua kwa sumu ni unyama na waliofanya hivo walistahili kushikwa, hapo sina neno. Lakini angalia nani alilipa: viwanda vilisimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, bei mwaloni ikaanguka, na mvuvi ambaye hajawahi kushika chupa ya sumu maishani alikuwa na deni la nyavu lile lile.

Baada ya hapo serikali ikajitahidi, ikaleta wakaguzi, mialo kadhaa ikajengwa sakafu, maji safi, vyoo, mahali pa kupimia. Ni jambo jema. Ila mhariri nenda ukaangalie vizuri, usafi huo umejengwa kwa samaki anayekwenda nje. Huyu wa soko letu tunampanga juu ya gunia chini ya jua, nzi wanamtembelea, hakuna barafu, hakuna kivuli. Yaani tumbo la mtu wa Brussels lina mkaguzi wake hapa Uganda na tumbo la mtoto wa Busia halina. Hilo linaniuma kuliko mambo ya bei.

2020 korona ikaja, ndege zikapungua, hoteli za Ulaya zikafungwa, na mputa akashuka bei mwaloni mpaka baria wengine wakaacha kuingia majini. Mwaka huo huo mwezi wa 5 ziwa likapanda, kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, likapita rekodi ya 1964, mialo ikamezwa, mabanda ya kukaushia yakaondoka na maji. Kabla hatujapumua, 2022 vita vya Ukraine, petroli ikapita shilingi 6,000 kwa lita na injini ya mtumbwi haiendi kwa maombi. Mtu wa Majanji hajui Ukraine iko wapi kwenye ramani lakini aliilipia kila usiku alipowasha injini.

Niongelee mabondo, kile kifuko cha hewa kilichoko tumboni mwa mputa. Zamani kilikuwa kinatupwa au mtu anakitafuna tu. Leo kinakaushwa kinapelekwa Hong Kong na China, kule ni chakula cha heshima, wanasema na dawa pia, na bei yake kwa kilo inaacha mbali ile ya nyama yenyewe. Sasa biashara hiyo ndo imefungwa mdomo kuliko zote. Mvuvi anauza samaki mzima kwa mzani wa nyama, kifuko kiko ndani, na anayejua thamani ya kile kifuko ni mnunuzi peke yake. Mabaria wengi hawajui kwamba walichouza kilikuwa na kitu cha thamani zaidi tumboni, na wakijua hawana pa kuuliza bei. Mimi mwenyewe nikiuliza bei ya Hong Kong naambiwa mama hayo si mambo yako. Kwa nini si yangu? Samaki ametoka kwenye maji ninayokunywa.

Gugu maji nalo niliseme kwa ufupi, wengi wanalijua. Ni mmea wa Amerika ya Kusini, ulipendwa kwa maua yake mazuri ukasambazwa dunia nzima, sisi ukatufikia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufika 1998 ulikuwa umefunga ghuba nzima nzima, mitumbwi haitoki, meli zinakwama. Ulipunguzwa sana na wadudu fulani wadogo ambao nao asili yao ni huko huko Amerika ya Kusini, wakasaidiwa na mvua na mawimbi. Bado upo, unarudi kila mara kwa sababu uchafu wa miji na mbolea ya mashamba vinaingia ziwani na kuulisha. Hiyo mbolea na huo uchafu hatuwezi kumsingizia mgeni, ni wetu.

Kwenye maisha ya watu ndo kuna mambo mazito zaidi. Zamani mwanamke alikuwa ndo mwenye samaki akishafika nchi kavu, mume anavua, mke anakausha, anauza, anashika hela. Wakala alipokuja na barafu na pesa taslimu mwanamke akasukumwa pembeni, akabaki na vichwa na wale wadogo. Alafu wadogo nao wakawa kosa. Sheria inasema mputa chini ya sentimita 50 asivuliwe, na kwa nia ya kulinda samaki ni sheria nzuri, mimi naiunga mkono, maana samaki akivuliwa kabla ya kuzaa tunakula kesho yetu. Kamati za mialo, zile BMU, zikasimamishwa 2015 kwa sababu ya rushwa, na rushwa kweli ilikuwepo. 2017 likaletwa jeshi. Nyavu zikachomwa, mitumbwi iliyo chini ya futi 28 ikachomwa, watu wakapigwa, wengine wakahama mialo kabisa wakaenda kulima ardhi isiyo yao. Samaki wakubwa wakaongezeka, hilo ni kweli, na mauzo ya nje yakapanda tena. Lakini tujiulize kwa utulivu, gharama ya kumlinda huyu samaki aliibeba nani na faida ya kukua kwake ilikwenda kwa nani? Aliyechomewa mtumbwi mdogo hakuwa anauza Ulaya, alikuwa anavua ngege wa kulisha soko la hapa hapa. Na nyavu haramu zile za uzi mmoja wa plastiki hazikufumwa Majanji, zinatoka viwanda vya nje, zinapita bandarini na mpakani kwa kontena, zinauzwa dukani. Aliyeziingiza kwa kontena sijamuona akichomewa kitu.

Sasa tumebaki na mukene, dagaa wenyewe. Hawa ndo nyama ya maskini wa Uganda yote, mtu mwenye shilingi 1,000 anapata cha kuonjesha watoto. Na hata hawa wameingia kwenye mashine, sehemu kubwa inanunuliwa na viwanda vya chakula cha kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa kwenye vizimba. Mnunuzi wa chakula cha kuku hajali mchanga, anakubali mukene aliyeanikwa chini ardhini, ananunua magunia kwa jumla, sasa mwanamke anayetaka kuanika juu ya nyavu safi kwa ajili ya kula watu anaona anapoteza muda, hapati bei inayolipa jasho lake. Karibu robo ya watoto wa nchi hii walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na sisi tunachukua samaki mwenye chuma na kalisi tunampa kuku, alafu yai linakwenda kwa mwenye uwezo. Sisemi kuku wasile. Nasema foleni imegeuzwa, mtoto amewekwa nyuma ya kuku.

Na kama mtu anadhani nakuza mambo, avuke mpaka aende Kisumu. Pale ziwani penyewe, wanauza ngege wa kufugwa aliyetoka China, amegandishwa, amepita bahari mpaka Mombasa, akapanda lori, na bado anafika sokoni kwa bei ya chini kuliko wa ziwani. 2018 serikali ya Kenya ilijaribu kumzuia ikashindwa kusimama nayo, maana China ni mshirika mkubwa na ina mikopo yake. Mchuuzi wa Kisumu hana kosa, ana watoto wa kulisha. Lakini fikiria safari hizo mbili: mputa wetu anakwenda Ulaya kwa ndege na ngege wa China anakuja kwetu kwa meli, wanapishana njiani, na kila kilomita ya safari hizo kuna mtu anachukua chake isipokuwa aliyeko kwenye mtumbwi na aliyeko kwenye kikaango.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema utandawazi ni mzuri, wala wanaosema ni mbaya, wote wanaongea juu juu. Ulaya wana ofisi ya kumsemea mlaji wao, Hong Kong wana wafanyabiashara wao, viwanda vina chama chao na kinasikilizwa Kampala. Mchuuzi na baria hawana kiti popote. Tangu 1994 nchi tatu za ziwa zina shirika lao la uvuvi, LVFO, makao yake yako Jinja hapa hapa Uganda, na ziwa ni letu sote, Tanzania asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Hapo ndo mahali pa kukaa tukaelewana. Kila nchi ikipanga bei na sheria peke yake mnunuzi anahama tu, Uganda wakikaza anakwenda Tanzania, Tanzania wakikaza anarudi Kenya, na sisi wa mpakani tunaona hayo mabadiliko kabla ya waziri hajayasikia.

Mimi ningetaka ushuru wa minofu na mabondo sehemu yake irudi mwaloni ikiwa barafu, vivuli na sakafu ya samaki wa soko la ndani, si hadithi ya kwamba itapitia Kampala. Ningetaka mabondo yapimwe na kulipwa peke yake, mbele ya mvuvi. Ningetaka mukene safi wa kula watu apewe nafasi kwanza, mashule na hospitali zianze kumnunua kwa mkataba ili mama mwenye kuanika vizuri apate mteja wa uhakika. Na wanawake wawepo kwenye kamati za mialo zikirudishwa, wawepo kwa wingi, si mmoja wa kupiga picha naye. Mikopo ya nyavu ya wakala hatuwezi kuimaliza kwa kelele, itakwisha siku mvuvi atapata mkopo mahali pengine, SACCO za wavuvi zipo lakini ni dhaifu na nyingine zimeliwa na viongozi wake, hizo nazo zikaguliwe kama wanavomkagua samaki wa Ulaya.

Na wewe mhariri nina ombi kwako. Gazeti linachapisha bei ya dola kila siku, hata sisi tusio na dola tunaijua. Chapisheni na bei ya mputa kwa kilo mwaloni, bei ya minofu inapotoka nchini, na bei ya mabondo, ziwe zimekaa pamoja kwenye safu moja, kila wiki, kwa Kiswahili ambacho baria wa pande zote tatu anakisoma. Za Majanji nitakutumia mimi mwenyewe kila Ijumaa soko likifunga, na nawajua wenzangu wa mialo mingine watakaotuma za kwao. Za Entebbe na Hong Kong mtafute nyinyi, mna waandishi na mna simu za kupokelewa.

Wako,
Mchuuzi wa samaki,
Busia, Uganda